Taa Mbili za Shangazi

Nyumbani kwetu mtu haingii chumbani kimya kimya. Ukifungua mlango unasema "Ni mimi," hata kama ulitoka kumwaga taka tu na umerudi papo hapo. Wageni hutuona tuna kasoro kichwani, na sijawahi kujisumbua kuwaeleza. Desturi hiyo ilianza kwa ajili ya bibi yangu, aliyepofuka akiwa bado ana nguvu zake, akamalizia maisha yake kwenye kiti kilichopo pembeni mwa sebule, karibu na dirisha lisilomsaidia kitu. Kila akisikia nyayo aliuliza, "Nani huyo?" Sauti ile ilikuwa na woga ambao hadi leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Bibi ameshafariki, lakini kiti chake kipo palepale na sisi bado tunajitaja mlangoni.

Aliyemtunza ni shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye niishiye naye, na habari hizi ni zake.

Shangazi hutengeneza na kutunza matangi ya samaki. Ukimwita muuza samaki atanuna hadi jioni. Yeye hujiita mkulima, ila shamba lake liko chini ya maji. Samaki kwake ni wapangaji tu. Wenye nyumba ni mimea: nyasi fupi zinazotambaa chini kama zulia, majani marefu ya nyuma, na aina moja nyekundu anayoipenda kupita kiasi, aliyoiita Bibi Harusi na kuipanda katika kila tangi. Wateja wake ni maofisi, hoteli ndogo, na kliniki ya daktari wa meno ambako wagonjwa hutazama samaki ili wasahau kinachowasubiri ndani.

Kazi hiyo aliipata kwa mumewe, seremala aliyeanza kwa kutengeneza meza za kuwekea matangi akaishia kugundisha vioo yeye mwenyewe. Marehemu alimwachia tabia mbili. Ya kwanza ni kufumba jicho la kushoto. Seremala akitaka kujua kama ubao umenyooka huutazama kwa jicho moja, na Shangazi hutazama hivyo kila kitu cha kazi: usawa wa maji, kimo cha majani, hata rangi. Ukimkuta mbele ya tangi utadhani anawakonyeza samaki, na mimi nimemtania kwa hilo tangu nikiwa mdogo.

Ya pili ni sheria ya kifuniko. Matangi yake hufunikwa kwa kioo, na taa hukaa juu ya kioo hicho. Maji hupanda kama mvuke, yanageuka matone, matone yanakauka na kuacha chokaa. Chokaa hiyo hula mwanga taratibu sana, kiasi kwamba anayekaa na tangi kila siku hatambui lolote. Mteja akipiga simu kulalamika kwamba taa imechoka, Shangazi huenda na kitambaa na chupa ya siki. "Kabla hujailaumu taa, futa kifuniko," huwaambia, na kwa kawaida taa ileile huwaka kama imetoka dukani leo.

Sasa kuna mwaka mmoja taa zote zilianza kuchoka kwa pamoja.

Alifuta vifuniko hadi vikang'aa. Haikusaidia. Alibadilisha taa ya hotelini, akabadilisha ya ofisini, akarudi akitukana viwanda vyote duniani. "Siku hizi wanatuuzia takataka," alisema. "Mwanga wa njano njano, kama wa kibatari." Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kushonea kimepakana na sebule bila mlango katikati, kwa hiyo malalamiko yake niliyapata yote, ya moto kabisa. Nilimwitikia huku nimeshika pini mdomoni. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Kwa mambo ya taa, nani mwenzake?

Kisha ikawa zamu ya taa ya daktari wa meno. Hapo Shangazi akaamua kufanya kama anavyofanya siku zote akiwa na shaka, yaani kushindanisha. Aliliandaa tangi la nyumbani, akasimamisha ubao mweusi katikati, akapanda kila upande mimea ileile, iliyokatwa kutoka shina moja, ili upande wowote usije ukanung'unika kwamba umeonewa. Juu ya upande wa kushoto aliweka taa ya LED yenye vijitaa vyeupe vitupu, kali ajabu. Upande wa kulia akaweka nyingine, ya mwanga wa kadiri, iliyochanganya vijitaa vyeupe, vyekundu, vya kijani na vya buluu. Zote zilijiwasha na kujizima kwa wakati mmoja. Kisha akangoja, wiki baada ya wiki, akikonyeza.

Mtu anayeshona hajui mambo ya samaki, lakini rangi anazijua. Uzi uliofanana na kitambaa ndani ya chumba unaweza kukukana mchana kweupe ukiutoa nje. Kwa hiyo nilipopita na chai yangu niliona mara moja kinachoendelea. Kulia, Bibi Harusi alikuwa mwekundu hasa, majani yamejaa mapovu madogo. Kushoto alikuwa amerefuka haraka haraka, mwembamba na aliyepauka, na kioo cha upande ule kilikuwa kimeanza kuota mwani.

"Haya, wewe mwenye macho ya uzi," Shangazi akasema. "Upande upi una rangi?"

"Shangazi naye! Wa kulia. Hilo hata kipofu analiona."

Kwa kawaida utani wangu hurudishwa na riba. Safari hii hakurudisha kitu. Aliweka kiganja kwenye kioo, akakaa hivyo, kisha akasema, "Ndiyo. Wa kulia," kwa sauti ya mtu anayekubali jambo mbele ya polisi. Kesho yake akaifungua taa ya kushoto, ile kali, akampelekea daktari wa meno. Nilipomwuliza kwa nini kachagua iliyoshindwa, alinijibu kwamba pale kliniki ni gizani na nirudi kwenye cherehani yangu.

Nikarudi kwenye cherehani, lakini mguu haukukanyaga pedali. Shangazi huyu huyu anayeweza kugombana na mwenye duka kuhusu kijani kilichokolea kidogo tu kupita kingine! Wazo likanijia, nikalifukuza, nikakanyaga.

Haukupita muda mrefu kliniki wakapiga simu. Tangi limegeuka. Tulikwenda pamoja, mimi nimebeba ndoo na yeye amebeba begi la vifaa. Tangi lenyewe lilikuwa limejaa mwani mrefu kama nywele ambazo hazijachanwa, umefunika mawe, umefunika bomba la pampu. Bibi Harusi peke yake alikuwa ametoa kichwa upande mmoja, kwenye kivuli cha gogo, bado ana wekundu wake.

"Mama, samahani," akasema dada wa mapokezi. "Wagonjwa wanalalamika kuhusu hii taa. Inawachoma macho, wanahama viti."

Shangazi alifumba jicho lake, akaitazama taa, akaitazama tena. "Mbona mimi naona giza?" akasema polepole, na nadhani hakukusudia kulisema kwa sauti.

Kisha akatoa mkasi mrefu na kuanza kusafisha. Niliangalia mkono wake ukishuka majini, ukiupita mwani, ukienda moja kwa moja kwa Bibi Harusi. Akakata. Akakata tena, chini kabisa, karibu na mchanga. Majani mekundu yakapanda juu yakaelea, na samaki wakayakimbia.

"Mama, si ndio ulikuwa mzuri huo?" yule dada akashtuka.

"Hukatwa ili uchipue," Shangazi akajibu.

Uongo mzuri, ungemdanganya yeyote. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, na niliona vidole vyake vikipapasa jani lililokatwa, vikaliachia ghafla. Alikuwa amedhani anakata mwani uliooza. Wakati wa kushuka ngazi alitanguliza ncha ya kiatu kila daraja kabla ya kukanyaga, na katikati ya njia akanishika mkono. Shangazi hajawahi kunishika mkono kwenye ngazi tangu niache kuvaa sare ya shule, na enzi hizo alikuwa akinizuia nisianguke mimi.  

Siku zilizofuata nilimchunga bila kumwambia. Niliona anavyomimina chai akiwa amechovya ncha ya kidole kikombeni. Niliona ameacha kusoma bei, anamwuliza mwenye duka. Jioni gari likija mbele yetu aligeuza uso ukutani. Kila kimoja kilikuwa na maelezo yake, na mimi niliyashika maelezo hayo kwa mikono miwili, maana nilijua kinachobaki yakiondoka. Kinachobaki kilikuwa kile kiti.

Mchana mmoja nilinyanyuka kwenda kuchukua mkasi wa kitambaa. Kwa kuwa hakuna mlango kati ya chumba changu na sebule, sikujitaja. Shangazi alikuwa amesimama kando ya kiti cha Bibi, amefumba macho yote mawili, amekaza kabisa kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha. Akaanza kutembea. Mkono mmoja ukiteleza ukutani, midomo ikinong'ona: "Kiti. Meza. Swichi. Tangi." Alipofika kwenye tangi akapapasa ubavuni mwake, ambako vifaa vilikuwa vimetundikwa kwa mpangilio ambao sikuwa nimeuona kabla. "Mkasi. Koleo. Wavu. Kitambaa." Akashusha pumzi. Akageuka, akaanza safari ya kurudi.

Alikuwa anajifunza nyumba. Alikuwa anaisoma mapema, kabla giza halijafika.

Nilisogea, ubao wa sakafu ukalia. Akasimama ghafla, kichwa juu, macho bado amefumba.

"Nani huyo?"

Naapa ilikuwa sauti ya Bibi. Kila kitu kilikuwemo, hadi ule mtetemo mwishoni. Nilitaka kukimbia nje nikamwite mtu, mtu yeyote mkubwa kuliko mimi, na mimi ni mtu mzima mwenye watu wanaoniamkia.

"Ni mimi," nikasema.

Akafumbua macho. Tukatazamana, au mimi nilimtazama.

"Unafanya nini, Shangazi?"

"Mazoezi."

"Tangu lini huoni?"

"Naona."

"Shangazi!"

"Naona ukungu," akasema. "Naona vitu vimevaa manyoya. Taa za magari zinanipigia mishale. Umeridhika?"

"Twende hospitali."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Mama yangu alisema akienda watamwambia, na wakishamwambia ndio basi. Mimi sijaambiwa na mtu yeyote. Mpaka mtu aniambie, mimi naona."

Mimi nikiogopa huwa nagomba, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia hiyo ni akili ya kuku. Nilimwambia mengine pia ambayo mtu hamwambii shangazi yake. Alishika tu ukingo wa tangi kwa mikono miwili. Na kwa kumwona ameegemea pale, mbele ya zile pande mbili, ndipo swali likanijia.

"Shangazi, ukitazama tangi unafumba jicho lipi?"

"La kushoto. Unalijua hilo."

"Fumba la kulia."

"Kwa nini?"

"Fumba tu."

Akakataa. Akatikisa kichwa kama anapewa dawa chungu. Basi nikafanya utovu wa adabu mkubwa kuliko wote: nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja changu, kwa nguvu, na mkono wa pili nikamgeuzia uso upande ambao taa yake ya rangi bado ilikuwa inawaka. Nilihisi kope zake zikipiga piga kwenye kiganja changu kama mdudu aliyenaswa. Halafu zikatulia.

"Bibi Harusi," akasema. "Ana rangi."

Akautoa mkono wangu, akajifunika mwenyewe. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Alikuwa anashindanisha macho yake kama alivyoshindanisha taa, kwa haki ileile, na niliona jibu likimwingia. Akaketi chini sakafuni, mgongo kwenye meza ya tangi.

"Taa zote zile," akasema. "Zilikuwa nzima."

 Niliketi naye. Nikamwuliza, "Kabla hujailaumu taa, unafanya nini?"

"Usinifundishe kazi yangu."

"Unafanya nini?"

"Unafuta kifuniko," akasema. Halafu akanigeukia, na uso wake ulikuwa na hofu tupu, bila hasira wala kiburi cha kuificha. "Na kama si kifuniko? Kama ni taa yenyewe imeungua ndani, utaifuta na nini?"

 Nilimwambia angalau tutajua.

"Hilo ndilo ninaloliogopa, mjinga wewe," akasema, akaniegemea begani, akalia. Nami nikalia, maana nilikuwa naliogopa hilo hilo na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwegemea.

Hospitali ya macho ni mahali pa ajabu. Watu wote wamewekewa dawa, wamekaa kwenye mabenchi na mboni zimetanuka, wanatazama mbele kama bundi, hakuna anayemwona mwenzake sawasawa. Shangazi alinishika kifundo cha mkono tangu mlangoni, na kadiri foleni ilivyosonga ndivyo vidole vyake vilivyozidi kukaza. Mara mbili alisema amesahau kuzima pasi. Hakuwa amepiga pasi nguo yoyote siku hiyo. Nilimwambia ikiungua nyumba tutajenga.

Daktari alikuwa mwanamke mpole wa rika langu. Alimkalisha, kidevu juu ya kibao, akazima taa ya chumba, akapeleka mwale mdogo kwenye jicho la kulia. Akatazama. Akahamia la kushoto, akarudi la kulia, akatazama tena kwa muda mrefu sana. Shangazi hakupumua. Mimi nilikuwa naangalia uso wa daktari kwenye ule mwanga mdogo nikijaribu kuusoma, na ulikuwa mtupu kama ukuta.

"Mama, una mtoto wa jicho," akasema hatimaye. "La kulia limekomaa. La kushoto ndiyo linaanza."

"Napofuka?"

"Ukikaa nalo, utafika huko polepole. Tukilitoa, hapana. Ile lenzi ya mbele ndiyo imechafuka, tunaiweka nyingine. Nyuma kwa jinsi ninavyopaona, pako salama."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mle chumbani, bila haya. Kifuniko! Kifuniko kimeshika chokaa, taa nzima! Nilimtikisa Shangazi bega. Lakini Shangazi hakucheka, na kile kilichokuwa usoni mwake hakikuwa furaha. Alikuwa bado ameweka kidevu juu ya kibao.

"Daktari," akasema. "Mama yangu alikuwa na weupe hapa, katikati ya jeusi. Kama tone la maziwa. Macho yote mawili. Mimi ndiye niliyekuwa namnawisha uso, nikiuona kila asubuhi. Lilikuwa ni hili?"

Daktari akawasha taa ya chumba. "Siwezi kulisemea jicho ambalo sikulipima, mama."

"Lakini?"

"Lakini weupe wa namna hiyo, mara nyingi ni hili."

"Na hili linatolewa."

"Linatolewa."

"Hata wakati ule?"

Yule daktari alinitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa. Kisha akasema, "Hata wakati ule."

Shangazi akamshukuru, akaomba apangiwe siku, akatoka akitembea mbele yangu bila kunishika. 

Upasuaji wa jicho la kulia ulikuja ukapita. Niliogopa nje ya mlango, naye aliogopa ndani. Bandeji ilipotolewa alitazama mikono yake, akashangaa alivyozeeka, akamwuliza muuguzi kama kuta za pale zilikuwa nyeupe siku zote. Nyumbani alifungua mlango mwenyewe na kusema "Ni mimi," ingawa sote wawili tulikuwa nje. Akaenda mbele ya tangi. Akasimama akilitazama kwa macho yote mawili, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Ile taa ya kwa daktari wa meno nikaichukue kesho asubuhi," akasema. "Maskini samaki, nimewachoma. Nimpelekee hii ya rangi."

Nikaenda jikoni kuchemsha maji, moyo mwepesi. Niliporudi sebuleni na vikombe hakuwa mbele ya tangi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bibi. Hakuna anayekalia kiti kile. Mikono alikuwa ameilaza juu ya mikono ya kiti, mahali ambapo kitambaa kimelika kwa viganja vya mama yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta, ingawa muuguzi alikuwa amemkanya asiliache jicho lile lilowe.

Nilisimama na vikombe vyangu mkononi. 

"Ni mimi," nikasema.

Aligeuza kichwa, akanitazama uso mzima, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, taratibu.

"Nakuona," akasema. "Nakuona, mwanangu."